Ngamia wa Beseni, Hepi na Gladi

Kizungu changu nilikipata nyuma ya ngamia, na bado kina harufu yake. Shuleni nilikaa kidogo tu, mpaka mbuzi wa nyumbani wakamhitaji mchungaji kuliko mwalimu alivyomhitaji mwanafunzi. Ndiyo maana wajukuu wangu hapa Galbet wakisema wako hepi kwa kuwa wamenunuliwa soda, nacheka peke yangu. Soda haileti hepi. Soda ni gladi. Tofauti hiyo nilifundishwa na serikali yenyewe.

Enzi za mkoloni nilikuwa mchungaji wa ngamia wa safari za DC, Mzungu mkuu wa wilaya, na barazani mkalimani wake. Walibeba maji, hema, kiti cha kukunja na beseni lake la kuogea. Beseni lilikuwa na ngamia wake peke yake, jike mpole. Nchi ambayo watu wanatayamamu kwa mchanga kwa kukosa maji ya udhu, beseni lina ngamia! Lakini hilo tuliache.

Bwana huyo alikuwa kijana mwenye masikio mekundu, na alipenda maneno. Asubuhi moja, akinyoa ndevu mbele ya hema, aliniuliza kama watu wangu wako hepi. Nikamwambia ndiyo, maana jana ngamia wetu mmoja alizaa. Akashusha wembe.

"Hapana! Hiyo gladi. Gladi iko na sababu. Ngamia nazaa, mgeni nakuja, kesho nakwisha. Hepi ni ya maisha yote. Hepi hapana taka sababu."

Nikaelewa: gladi ni dimbwi la mvua, hepi ni kisima. Tangu hapo, kila baraza hakuuliza habari za mifugo wala maji. Aliuliza kama watu wako hepi, maana gladi, alisema, hata mbwa anayo.

Sasa, sisi tuna desturi. Ukiulizwa hali, kwanza unatoa amani: nabad, alhamdulillahi. Hata kama umetoka kuzika, nabad. Mgeni anakaa, anakunywa chai, ndipo habari yenyewe inainuka kama ngamia mzee, nyuma kwanza. Kummwagia shida mtu ambaye hajaonja kitu chako ni kumtukana.

Mwaka ule visima vilianza kutoa matope. Adeer wangu, ndugu wa baba yangu aliyenilea, alitaka jambo moja tu kwa serikali: ruhusa ya kuvusha ng'ombe ng'ambo ya mto Tana. Majani yalikuwa huko, na huko ndiko tulikokatazwa kukanyaga. Bwana akaja, akaketi, akauliza, "Iko hepi?" Wazee wote kwa pamoja: "Nabad, alhamdulillahi!" Akasema, "Mzuri sana." Kiti kikakunjwa, beseni likapanda ngamia. Chai ilikuwa haijachemka. Safari iliyofuata, vilevile. Tukabaki na hepi yetu, ng'ombe wakizidi kuonyesha mbavu.

Nikamwambia Adeer aanze na shida.

"Warya, wewe kijana! Nianze na shida kama ombaomba? Mtu hajameza hata funda moja!"

"Lakini Adeer, anaondoka haraka."

"Anaondoka na nini?"

"Na ngamia."

"Mchungaji wake nani?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Basi mimi unanieleza nini?"

Baraza lililofuata, ngamia wa beseni akapotea. Wallahi, alipotea kabisa, nyuma ya kichaka nilikomfunga. Bwana angeweza kuacha hema, hata askari angewaacha, lakini si beseni. Akaketi kusubiri. Akaletewa chai. Akaletewa nyingine. Kikombe cha pili kilipokwisha, Adeer alikohoa.

"Amani ipo," akasema. "Ng'ombe wanakufa."

Nikafasiri. Masikio ya bwana yakazidi wekundu. "Lakini wao nasema iko hepi!"

"Walikuwa wanakusalimia, bwana."

Akainuka, akaenda kisimani mwenyewe. Ndoo ikapanda na uji wa tope. Akaitazama, kisha akasema tuvushe ng'ombe, tukae ng'ambo mpaka mvua. Wazee wakagombea kumpa mkono.

"Sasa iko hepi?" aliniuliza, kama anayeomba.

Nikamweleza Adeer maneno yote mawili, dimbwi na kisima. Akafikiri. "Mwambie leo tuko gladi, sababu ameiona kwa macho yake. Hiyo hepi isiyotaka sababu abaki nayo. Ni ya watu wenye ngamia wa beseni."

Nilifasiri nusu ya kwanza tu. Ngamia naye akapatikana papo hapo, na bwana akawa gladi sana.

Tulivuka tukipiga maji kwa fimbo kuwafukuza mamba, ng'ombe dhaifu tukiwashika mikia. Wawili walichukuliwa na mto. Wengine walipanda ukingo wakitetemeka, wakainamisha vichwa majanini. Adeer alisimama akiwatazama, nguo zikimchuruzika.

"Adeer," nikamchokoza, "sasa hii ni gladi au hepi?"

"Nyamaza," akasema. "Wanakula."