Mkutubi Niliyetaka Kumfuta Kazi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyonunua lori la kwanza, ingawa hiyo nayo Busia nzima iliiona. Ni siku niliyoingia maktaba ya shule yetu hapa Bukhayo nikiwa na barua mfukoni ya kumfuta kazi mkutubi.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli, nikajenga ghala hapa na lingine Malaba, na hakuna aliyenishika mkono. Hata paa la maktaba hiyo nililiezeka mimi. Basi nilipofanywa mwenyekiti wa bodi ya shule, nilipima kila kitu kwa akili ya ghala: mtunzaji mzuri ni yule ambaye mali yake haitoki. Nikaambiwa vitabu vya mkutubi wetu, Madam Nekesa, vimechakaa, vingine vinanuka samaki, na rafu ni nusu tupu. Nikasema hata bawabu wa lango anaweza kushika ufunguo wa maktaba.

Siku hiyo ya barua ilikuwa likizo. Nilimkuta ameketi na walimu, wanapanga masomo ya muhula ujao. Nikakaa nyuma ningoje wamalize. Mwalimu wa sayansi akasema darasa la tano atawafundisha kuhifadhi chakula juma la tatu. Madam akamuuliza, kwa upole tu, kwa nini asingoje juma la nne, maana ndipo mwenzake atafundisha biashara ya ziwani, na masomo hayo mawili yatasaidiana. Akamtolea kitabu cha kukausha samaki. Kisha akamtajia watoto ambao kitabu hicho kingewashinda, jina kwa jina, bila karatasi, na kile chepesi cha kuwaanzishia. Mwalimu yule ana digrii, lakini alifuta mpango wake akaandika upya.

Mwanangu, nywele zilinisimama. Mimi najisifu kwamba najua kupanga malori kwenye foleni ya Malaba. Huyu alikuwa akipanga vichwa vya watoto.

Nikamuuliza, sauti imeshanywea, vitabu vingine viko wapi.

"Viko majumbani, mzee. Kile kinachonuka samaki, mtoto alikuwa akimsomea mama yake akiuza omena sokoni." Halafu akacheka kidogo. "Na sina hata kimoja cha watu wa baiskeli wa mpakani. Si wewe uje utufundishe?"

Barua haikutoka mfukoni. Muhula ulipoanza nilisimama mbele ya darasa la tano, mimi huyu, na watoto wakaandika maneno yangu. Madam aliyashona yakawa kitabu. Kiko rafuni, nacho kimeshachakaa.

Kwa hiyo sikia. Ukipewa shule uongoze, usimpe ufunguo wa maktaba mtu yeyote tu. Tafuta aliyesomea kazi hiyo kama Madam, na siku walimu wanapopanga masomo, mpe kiti katikati yao. Na kabla hujamfukuza mtu, kaa nyuma kwanza umtazame akifanya kazi yake.

Mungu akupe macho ya kuona kazi isiyopiga kelele, mwanangu, na vitabu vya nyumba yako vichakae mikononi mwa watoto wako.