Muhuri wa Mjane wa Paris

Jikoni kwa Madamu Odette palinukia spiriti na chaki iliyosagwa, na juu ya harufu hizo ilielea iliki ya kahawa aliyoichemsha kutwa. Tuliishi Abu Hamour, huko Qatar, katika jumba kubwa lililogawanywa vyumba vyumba. Sisi Wakenya juu, yeye Mlebanoni chini. Nilikuwa na miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya joto, Baba alishinda ofisini na kompyuta zake, na Mama, aliyekuwa muuguzi, alilala mchana baada ya zamu ya usiku. Kwa hiyo mimi nilishinda chini. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu zetu wote walikuwa mbali, Nakuru na Nyeri.

Mume wa Madamu, Bwana Elias, alikuwa amefariki miezi michache kabla ya likizo ile. Kwa miaka mingi walikuwa na duka katika kichochoro cha Al Sadd, wakiuza na kutengeneza vyombo vya kale vya mezani kutoka Ufaransa. Mara ya kwanza kusikia kwamba wana duka la fedha, nilidhani ni mahali pa kubadilishia pesa. Nilipopelekwa nikakuta uma, vijiko, mabakuli ya mchuzi na mabuli yenye midomo mirefu kama shingo za korongo. Wateja Waislamu walivinunua kwa ajili ya kupamba sebule, kwa kuwa dini yao haiwaruhusu kulia wala kunywea chombo cha fedha. Wengine walikuwa watu wa hoteli na mabalozi. Sasa Madamu alikuwa akivileta nyumbani, sanduku baada ya sanduku, avisafishe na kuvifunga. Mwanawe aliyekuwa Kanada alitaka afunge duka akaishi naye, naye alikuwa amekubali, kwani hakuona njia nyingine. Elias ndiye aliyekuwa fundi, alisema. Yeye alikuwa mke wa fundi tu.

Nilivipenda vyombo vile. Vilitoka sandukuni vyeusi kama masizi, nasi tukavisugua kwa kitambaa laini hadi mwanga ukaanza kutokeza pembeni, ukaenea polepole kama alfajiri. Alinifundisha kulaza uma kifudifudi, kwa sababu Wafaransa wa zamani walichora herufi za ukoo wao mgongoni. Alinipa kioo cha kukuzia nitafute mihuri. Mmoja ulikuwa kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya chuma, ambao ni wa serikali, wa kuthibitisha kwamba fedha ni safi. Mwingine, mdogo kuliko punje ya mtama, ulikuwa wa fundi mwenyewe, wenye umbo la uru la karata, na ndani yake herufi za jina lake na kijipicha: nyuki, ufunguo, nanga. Nilizoea kuwawazia mafundi hao wote ni wanaume wenye masharubu.

Siku moja nilikuta bakuli ambalo herufi za muhuri wake zilitanguliwa na V. Nikamuuliza huyu V ni nani. Akachukua kioo, akatazama. Akaniambia kuwa ni kifupi cha neno la Kifaransa la mjane. Huyo alikuwa mke wa fundi mmoja wa Paris. Mumewe alipokufa alisajili muhuri wake mwenyewe, karakana ikaendelea. Walikuwapo wajane wengi wa namna hiyo, alisema.

Nikamuuliza, “Alijuaje kazi?”

Mama alikuwa ameshuka kunichukua, bado na kanga ya kulalia, akasimama mlangoni akisikiliza. Ni yeye aliyesema.

“Madamu, kwetu husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.”

Akamfafanulia kwa Kiingereza koleo ni nini na uhunzi ni nini. Madamu Odette akacheka, kisha akalia, kisha akatumiminia kahawa, hata mimi, ambaye nyumbani nilikatazwa.

Hoteli moja ya Al Sadd ilikuwa imemletea buli la kahawa lililokatika bawaba ya kifuniko, naye alikuwa amewaambia waje walichukue, hana fundi tena. Asubuhi iliyofuata aliwapigia simu kuwaambia wasije bado, atalitengeneza. Mama akaacha usingizi wake, tukaenda dukani sote watatu. Madamu akafunga nywele, akawasha moto wa gesi mwembamba wa buluu, kama alivyomwona Elias akifanya miaka yote. Alituambia kwamba ukizidisha moto kidogo tu, fedha ya miaka mia inalegea kama siagi, na hakuna wa kuirudisha. Lehemu ilipoyeyuka iliteleza ikaingia ndani ya bawaba. Kifuniko kikashika, hakifunguki. Nilimwona akiuma mdomo. Akaizima gesi, akakaa, akanywa maji. Halafu akaiwasha tena, akaibandua bawaba yote, akaisafisha, akaanza upya. Mama alikuwa amenishika bega kwa nguvu. Buli lilipopoa, Madamu akasukuma kifuniko kwa kidole kimoja. Kikafunguka, kikajifunga bila kelele.

“Elias angeliimaliza mara moja,” alisema.

“Lakini limefunguka,” Mama akamjibu.

Ikabaki leseni ya duka, iliyokuwa kwa jina la mshirika wao Mqatari, mzee mpole tuliyemwita Abu Nasser. Alikuja, akaligeuzageuza buli, akafungua na kufunga, kisha akasema hakuona sababu ya duka kufungwa. Mwana wa Kanada alinung'unika simuni majuma kadhaa, mwishowe akazoea. Madamu alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nami nikakua ngazi chache juu yake.

Leo naishi Al Thumama na mume wangu na wanangu. Kichochoro kile kimekuwa jengo la vioo, na Madamu amestaafu kwa mwanawe, akiwa ameondoka kwa hiari yake. Utotoni niliona uamuzi wake wa kutofunga duka ni mwepesi, wa kikombe kimoja cha kahawa. Sikujua uzito wake mpaka mwaka jana, mkataba wa kazi wa mume wangu ulipokwisha, tukaketi sebuleni na masanduku yakiwa wazi, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme kwamba tunarudi Kenya. Ndugu wa Nakuru walikwisha kutuandalia chumba. Nikapiga simu kuomba kazi ya kliniki niliyokuwa nikiiogopa, nikaipata. Tukarudisha nguo kabatini.