Pini Isiyokuwepo

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa kuwa ni ndugu: mkono wake hauna mpinzani. Mimi humo dukani kazi yangu ni vifungo, pasi na domo.

Tatizo lilikuwa pini. Akimaliza kushona pindo, anapitisha sumaku kutafuta pini iliyosahaulika. Haishiki kitu. Anapitisha tena, kisha anaanza kuishuku sumaku yenyewe, anafumua pindo, anakagua, anashona upya. Halafu anahisi pini imeingia wakati ule wa kufumua. Wateja wakawa wanafuata nguo, wanakuta vitambaa.

"Unadhani sijui, wifi?" aliniambia siku moja, machozi yanamlengalenga. "Najua hakuna pini. Lakini nikiacha, namwona mtoto wa watu anachomwa, na mkosaji ni mimi. Najua, na bado roho haikubali."

Niliumia. Angekuwa hajui, ningemweleza yakaisha.

Tukaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Akasema ni maradhi, yana tiba, na kila akifumua anayanenepesha. Sumaku ipite mara moja tu, wasiwasi auache utulie wenyewe. Kisha akanigeukia mimi: akikuuliza kama kuna pini, usimwambie hakuna, maana jibu hilo nalo linayalisha maradhi. Mimi, ninayejibu hata nisipoulizwa!

Jana binti yangu alikuwa akisubiri gauni lake la mahafali, baba yake nje anapiga honi. Wifi akapitisha sumaku. Akalikunja gauni, akalikunjua. Mara nikaona ameshika mkasi.

"Wifi, hakuna pini, eti?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, likanikwaruza.

"Sijui, wifi."

"Hujui?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mtoto anachelewa."

Alinitazama kama niliyemtukana. Jasho lilimtiririka. Honi ikalia tena. Nilitamani kumkumbatia nimwambie hakuna, hakuna, hakuna, lakini nikashika pasi yangu nikanyoosha shati la mteja. Polepole akauweka mkasi mezani, akamvalisha mwanangu gauni, akapandisha zipu.

"Shangazi, mbona unalia?"

"Naogopa, mwanangu," wifi akasema, akimsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Wewe nenda tu."