Masera Dévote wa Kamenge, Aliyewafundisha Wasichana Kukataa

Alizaliwa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, mwaka 1964, upande wa mlimani ambako siku zile migomba ilikuwa mingi kuliko nyumba, akabatizwa Dévote kesho yake kwa sababu mkunga alidhani hataishi. Aliishi. Alipoanza shule, mwalimu alimwamuru kwa Kifaransa atoke nje. Mtoto hakuelewa, alibaki ameketi, akimtazama mwalimu kwa heshima, akachapwa mpaka fimbo ikavunjika. Siku ile hakujifunza Kifaransa. Alijifunza kwamba mtu anaweza kupigwa kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyemfundisha, na hasira iliyomwingia haikumtoka tena.

Mwaka 1985 aliingia katika shirika dogo la watawa, wale ambao Bujumbura huwaita masera, kutoka ma sœur ya Kifaransa, na ndivyo alivyoitwa mpaka kaburini. Alipelekwa Uganda kusomea ualimu, akarudi na Kiingereza ambacho hakuna aliyekihitaji mjini wakati ule. Kila wiki aliungama hasira yake. Mama Mkuu alimshauri amwombe Mungu aiondoe, naye akaomba kwa machozi na kwa mfungo, mwaka baada ya mwaka. Mungu hakuiondoa. Kiingereza kilipoingia madarasani, Masera alikuwa mtaa wa Kamenge akifundisha watoto wa wachuuzi na mafundi, Wakristo kwa Waislamu. Vitabu vilianza na majina ya wanyama. Yeye alianza na maneno ambayo mtu huyatumia kutwa: maji, mlango, naumwa, sielewi. Aliyeona haya kusema haelewi alisimamishwa mpaka aseme kwa sauti.

Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Houda, binti wa Anouar, fundi magari wa Buyenzi. Houda aliacha shule mapema, na mwaka 2018 akasafiri kwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani. Aliyempeleka alikuwa Madamu Orlane wa Mutanga Sud, mwanamke mwenye ofisi ya kusafirisha wasichana, mfadhili wa parokia, ambaye mabati ya kanisa yalitoka mkononi mwake. Houda alirudi ndani ya jeneza. Baada ya maziko Anouar alikuja shuleni, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

“Masera, mutoto yangu alikuwa na homa kali,” alisema. “Mwenye nyumba anamuuliza kama anaweza kuendelea na kazi. Anajibu, ‘Yes, madam.’ Kesho yake anamuuliza tena. ‘Yes, madam.’ Mwenzake alikuwa pale, ameniambia yote. Ni ile neno tu walimufundisha pale ofisini, Masera. Ingine hakukuwa.”

Masera Dévote hakumfariji. Alikumbuka kwamba Houda aliwahi kulijua neno la kusema naumwa, darasani humo humo, na kwamba kuna mtu aliyelifuta. Alitoka akaenda moja kwa moja Mutanga Sud. Uani kwa Madamu Orlane alikuta wasichana wamepangwa mstari, vichwa chini, wakirudia kwa pamoja: “Yes, madam. Sorry, madam.”

“Unawafundisha kufa!” Masera alipaza sauti.

“Nawafundisha adabu,” alijibu Orlane bila kuinuka kitini. “Msichana wa kukataa kule hawamutaki, ma sœur.”

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Masera alifungua darasa katika ukumbi wa parokia kwa kila msichana aliyekuwa anajiandaa kusafiri. Neno la kwanza lilikuwa “No”. Walilisema kwa aibu, wakicheka ndani ya viganja. Aliwapigia meza. “Apana hivyo! Unaniomba ruhusa? Sema kama mutu!” Baada ya hilo yakafuata mengine: acha, naumwa, nisaidie, nirudishie pasipoti yangu. Wasichana wakaanza kumuuliza Orlane maswali, na Orlane akaenda kwa Mama Mkuu.

Hapo lilianza jaribu lake kubwa. Mama Mkuu alimfungia ukumbi, akamwondoa shuleni, akampa kazi ya kutunza kuku wa konventi, akisema hasira yake inawavunjia watawa heshima. Masera alipiga magoti kupokea amri, kwa kuwa aliapa utii. Kisha aliuliza, “Mama, umenifungia ukumbi. Kinywa pia umekifunga?” Mama Mkuu aligeuza uso dirishani. Anouar aliposikia, alisukuma kando injini mbovu ndani ya gereji yake, akaweka mabenchi. Hapo, kwenye harufu ya grisi, mtawa Mkatoliki alifundisha kila alasiri aliyoruhusiwa kutoka. Watu walisema mengi, ya kanisani na ya msikitini. Aliyavumilia, ila hakuyanyamazia.

Alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa figo. Maneno yake ya mwisho, aliposhauriwa apumzike kwa amani, yalikuwa: “Amani na nani?”

Siku ya maziko yake, Soumaya, mwanafunzi wake wa pale gereji, alikuwa amelala jikoni mwa nyumba aliyotumikia huko Ghuba, homa imemchukua akili. Mgeni wa nyumba alimwinamia akauliza kama yuko sawa. Soumaya anasimulia kwamba maneno yote yalikuwa yamempotea, na ulimi ulishaanza kusema “Yes”. Ndipo aliposikia meza ikipigwa, na sauti anayoijua ikifoka: “Sema kama mutu!” Alisema, “No. I am sick. Help me.” Mgeni alimbeba mwenyewe mpaka hospitalini. Kanisa halijatamka lolote juu ya tukio hili, nasi hatuitangulii hukumu yake. Soumaya leo anafundisha kwenye mabenchi yale.

Wapo wanaotaka iandikwe kwamba Masera Dévote alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Ofisi ya Mutanga Sud ingali wazi, mabati yangali juu ya vichwa vyetu tunaposali, na wasichana wanapanda ndege. Basi anayetaka kumheshimu mtumishi huyu wa Mungu asianze na mshumaa. Amtafute msichana anayesafiri wiki hii, aketi naye, asimwachie mpaka aweze kusema “No” bila kuinamisha kichwa.