Shujaa Aliyeketi Kando ya Kisima

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Muyinga, mtaa wa Waswahili, mchezo wa video haukuwa kitu cha kuchezea kitandani kama wafanyavyo wanangu hapa Gitega, simu mkononi na uji unapoa. Sisi tuliufuata kwa Saidi, katika chumba chenye dirisha lililozibwa kwa mifuko ya saruji. Ndani kulinuka petroli ya jenereta, jasho la watoto na mandazi ya mama yake Saidi. Msichana nilikuwa peke yangu, nikijivunia ubabe wa kaka yangu Issa.

Mchezo wetu ulikuwa na shujaa mwenye uso wa rangi ya majivu. Nyumba yake inachomwa, watu wake wanakufa, naye anachukua upanga na kumkata kila anayekutana naye. Maandishi yalikuwa ya kigeni, basi kila mtoto alijitungia maana. Mwishoni kulikuwa na mzee aliyepiga magoti kando ya kisima, na ni Issa tu aliyewahi kumfikia. Alimkata, kioo kikawa cheusi, na nyumba ya shujaa ikaanza kuungua upya. Akarudia, ikawa vilevile. Saidi aliona sidii imekwaruzika, akaisugua kwa ganda la ndizi, wapi! Mimi nilichoogopa ni uso wa shujaa. Kila tuliporudi mwanzo niliuona umezidi kufanana na wa yule mzee. Niliwaambia wenzangu, wakanicheka, lakini walisogea nyuma kidogo.

Yule mzee wa kisimani, Issa alimpa jina la Barnabé, na sote tulijua kwa nini. Barnabé alikuwa jirani yetu, na wakati wa vita ndiye aliyewaonyesha wauaji mlango wa baba. Sasa alikuwa amerudi kwenye migomba yake, akipita njiani kichwa chini. Issa, aliyekuwa ameanza kuota ndevu, alificha panga chini ya mkeka wake na kusema siku yake Barnabé inakuja. Nilimwamini, na nilikosa usingizi kwa hofu.

Alasiri moja, Issa akiwa tena mbele ya mzee wa kisimani, Mama alisimama mlangoni ameshika kigae.

"Issa, moto yetu imezimika. Enda uombe kwa Barnabé."

Watoto wote waligeuka kumtazama Issa. Kwetu, watu wenye deni la damu kati yao hawaombani moto. Ukiuomba na ukapewa, kisasi kimekwisha.

"Kwa ule mutu? Mi siendi."

"Mi ndo nilizika bwana yangu. Kama mi nataka moto yake, weye unakatala juu ya nini?"

Issa aliweka chini manette, kile kidude cha kuchezea, akapokea kigae, akatoka bila kumtazama mtu. Hakuna aliyeigusa manette ile. Kwenye kioo shujaa alisimama akihema, kisha upanga ukashuka wenyewe, taratibu, ukaingia alani. Akaketi kando ya mzee. Nyuma yao likafunguka shamba la kijani ambalo hatukuwahi kuliona, na wote wawili wakageuka kututazama. Saidi alizima jenereta. Mimi nilikimbia nyumbani, nikafunua mkeka, panga halikuwepo.

Nilitoka uani nikipiga kelele, nikamkuta Mama anachanja kuni kwa panga lile lile. Muda si mrefu Issa akaingia na makaa kwenye kigae, na nyuma yake Barnabé akiyakinga na upepo kwa kofia yake, machozi yakimtoka. Mama aliwasha jiko, akampa Barnabé kigoda. Jioni ile alikula maharage kwetu.

Siku hizi wanangu wakishindwa mchezo wanaufuta, wanaleta mwingine. Mwanangu mkubwa hasemezani na kijana wa jirani tangu mwaka jana, wanapishana mlangoni kama mizimu. Najua ningemtuma nini, lakini jirani ana kiberiti chake, nasi tuna chetu.