Firigisi ya Wakwe na Mashine ya Protini

Kuku aliletwa mezani. Mjomba wa mchumba wangu akafunua bakuli, akachokora kwa kijiko, kisha akafunika tena. "Firigisi iko wapi?"

Jamani! Kwetu Busia, kumwandalia mkwe kuku asiye na firigisi ni kumwambia arudi alikotoka. Na hawa walikuwa wametoka Budalang'i kuja kuniposa. Mjomba akasema hakuna posa itakayozungumzwa mpaka aliyeila ajulikane. Mama, ambaye ndiye aliyempika yule kuku, akaanza kulia. Mimi damu ikanichemka.

"Si wewe ndiye wa mashine?" shangazi yangu akanichokoza. "Tupime basi!"

Ni kweli, chumbani nilikuwa na mashine ya kazini, nimekuja nayo kupima maziwa huko Malaba. Inamulika kwa mwanga usioonekana. Protini ikiwepo, inaunyonya kwa namna yake, na mstari kwenye skrini unainama. Protini ikiwa kidogo mno, unaiweka juu ya kioo kilichopakwa chembe za dhahabu, ndipo dalili yake inakuzwa ikaonekana. Niliwaeleza hayo yote. Walisikia "dhahabu" tu.

Nikawapangusa vidole kwa pamba yenye maji, nikadondosha maji hayo kwenye vioo, kila mtu na chake, vikakauka. Mama: protini. Shangazi: protini tele, maana alikuwa ameshinda akichambua omena, wale dagaa wa Sio Port. Mjomba naye akang'ang'ania apimwe: protini!

"Mimi sijala kitu!" akaruka.

"Mzee," nikamwambia, "hii haijui kuku wala omena wala ngozi yako. Inaona protini, haisemi imetoka wapi." Watu wakavunjika mbavu. Nikajiona mjinga na dhahabu yangu.

Akabaki baba. Kioo chake kilikuwa ajabu: protini karibu hakuna, ila sabuni, ambayo nayo ina mstari wake, imejaa. Baba huyu, ambaye mama humkimbiza na jagi la maji ndio anawe! Mashine haikujua firigisi, lakini mimi namjua baba.

"Baba, leo umenawa na sabuni ya kufulia?"

Akatazama mlango. "Kuku ni wangu, nyumba ni yangu," akasema. Halafu sauti ikapungua. "Nilidhani wakiikosa watakasirika waende. Na wewe ubaki."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa, machozi yalinitangulia.

Mjomba akafunua bakuli, akamwekea baba paja. "Kula, mzee," akasema. "Walipokuja kumposa binti yangu, mimi nilificha jogoo mzima."