Maji ya Mtungi Nyuma ya Mlango

Sijui kama nina haki ya kukasirika namna hii. Nimeishia darasa la saba, na waliokuja kupima maji yetu walikuwa watu wa chuo. Lakini hasira haijaisha, acha niiandike.

Ilikuwa miaka ile maji yalipoanza kulipiwa, tukaambiwa serikali haiwezi kubeba kila kitu. Kijijini kwetu, upande wa Chemba, tulichota maji kwenye lambo moja na ng'ombe. Watoto walihara, na kitinda mimba wangu alibaki mifupa na macho. Tukasikia kisima kirefu kitachimbwa pale ambapo vipimo vitaonyesha maji yana vimelea.

Wataalamu wakaja, mwanamume na dada mmoja. Walikuwa na adabu, waliwaamkia wazee shikamoo. Walieleza kuwa kipimo chao kipya hakimtafuti mdudu kwa macho, kinatafuta vinasaba vyake, hata akiwa mchache kiasi gani. Walikuwa wametoka kuchota majitaka ya mjini ili wayalinganishe na maji yetu. Wakafika kwa mama mkwe wangu, wakaomba maji ya lambo.

Kwetu mgeni hapewi tope. Kuni ziko mbali, sisi tulikunywa maji kama yalivyo, lakini mama mkwe aliweka mtungi nyuma ya mlango kwa ajili ya wageni: maji yaliyotuama, yakachujwa kwa kanga, yakachemshwa. Akawapa hayo. Walimuuliza kama ni ya lambo, akasema ndiyo. Hakudanganya.

Majibu yalisomwa mkutanoni. Majitaka ya mjini yana vimelea tele, maji yetu safi. Watu wakapiga makofi, mama mkwe akapiga vigelegele. Ndipo mtendaji wa kijiji akasema kisima kinakwenda kijiji cha pili.

Nikasimama na mtoto mgongoni, nikamuuliza yule mtaalamu alichota wapi. Hakuficha. Alisema lambo waliliona, ila tope huziba chujio lao na kuvuruga kipimo, hivyo maji ya mama yaliwafaa zaidi.

"Yaliwafaa ninyi," nikasema. "Huyu anakunywa yale yaliyowashinda."

Mama mkwe akanivuta nguo. "Kaa chini, mwanangu. Unanitia aibu mbele ya wageni."

Labda nilikosa heshima. Yule dada aliinamisha kichwa, na mwenzake akakiri mbele ya wote kwamba inafaa wapime upya. Kwa hilo nampa haki yake. Mtendaji akajibu kwamba mtambo wa kuchimba umeshafika kule, haurudishwi kwa maneno ya mwanamke mmoja, na kijiji kilichotangazwa safi kinapaswa kushukuru. Kushukuru!

Wa kijiji cha pili nao wana watoto, siwezi kuwachukia. Ila jioni ile wangu alihara tena, ndoo ilikuwa tupu, nikashika njia ya lamboni. Ng'ombe walikuwa bado wamesimama ndani. Nikainama, nikachota.